Sebene Mlangoni

Nianze na kosa langu, ndiyo nipate ruhusa ya kusema ya wengine. Mwezi wa kumi na moja 2024 nilimwambia kijana mmoja wa kundi letu akate zaidi ya nusu ya wimbo wake. Hakuwa ameniomba ushauri. Alikuja kunisikilizisha tu, vile mtu anakuletea mtoto mchanga umshike. Mimi nikatoa simu, nikaanza kuhesabu, nikamwambia: "Petit, gitaa inaongea sekunde arobaini na moja mbele ya wewe kufungua kinywa. Nani atakungoja?"

Akaangalia chini. "Bantu ba kwetu banangojaka, yaya."

"Watu wa kwetu hawana bando," nikamjibu.

Hiyo hesabu ya sekunde sikuzaliwa nayo. Nilishuka nayo Nakasero. Ilikuwa semina ya siku tatu kwa wasanii vijana, wakimbizi na wenyeji pamoja, kwenye ukumbi wa hoteli. Chai, sambusa, kadi ya jina shingoni, nauli ya kurudi. Sisi wa Katwe na Nsambya tunajua kwamba kupanda Nakasero ni safari hata kama si mbali. Unatoka taksi paki, unapita sokoni katikati ya nyanya na mananasi, unaanza kupanda, na kadiri unavyopanda kelele inabaki chini, miti inaanza, mageti yanaanza, askari anakuuliza unakwenda kwa nani. Ukifika juu tayari unaongea kwa sauti ndogo. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mpole na mjuzi, sina neno baya juu yake. Kila alichotufundisha kuhusu kutoa wimbo ili uingie kwenye pleilisti kilikuwa kweli. Ubishi wangu hauko kwenye ukweli wake.

Mpango wenyewe nauandika hapa kwa sababu wengi mnauliza, na wanaoujua mtaani wanauuza. Wimbo unamalizika kabisa, pamoja na miksi na kava, wiki nne ao sita mbele ya siku ya kutoka. Unaupeleka kwa msambazaji, yaani kampuni ya mtandaoni inayofikisha nyimbo Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na kwingine, na unachagua tarehe. Tarehe iwe Ijumaa, kwa kuwa tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana Ijumaa ndiyo siku ya nyimbo mpya, na pleilisti nyingi kubwa za nyimbo mpya hubadilishwa siku hiyo. Wimbo ukishaonekana kwenye akaunti yako ya msanii ya Spotify ukiwa bado haujatoka, unajaza fomu kuwaomba wahariri wausikilize. Wimbo mmoja tu kwa mara moja. Ukishatoka, ule mlango umefungwa, hata ulie. Ukijaza angalau siku saba kabla, hata wahariri wakikupita, mashine itauweka kwenye Release Radar ya watu wanaokufuata. Nusu ya vijana ninaowasikia wakilalamika kwamba "wanatubania sisi Wakongomani" walipakia wimbo Jumatano wakitaka utoke Ijumaa. Hapo hakuna aliyewabania.

Nililipenda hilo, na bado nalipenda. Kijana ambaye kila kitu maishani mwake kinangoja karatasi ya mtu mwingine, leo anapewa kalenda ya kwake. Anajua tarehe 3 atafanya nini na tarehe 20 atafanya nini. Nimeona vijana wakiacha kuchelewa mazoezini kwa sababu ya kalenda hiyo. Kazi yangu ni vijana, kwa hiyo kitu kikimwamsha kijana saa moja asubuhi nakiheshimu.

Tulifundishwa pia kuna pleilisti za aina tatu: zinazopangwa na wahariri wa kampuni, kama African Heat ya Spotify, zinazopangwa na mashine kwa kila msikilizaji peke yake, na za watu wa kawaida, shabiki aliyejitengenezea orodha yake ya kufulia nguo. Za wahariri ndizo kila mtu anazililia. Za mashine ndizo zinalisha watu wengi polepole, lakini mashine inataka kwanza ione watu wakikusikiliza mpaka mwisho, wakikuhifadhi, wakirudi. Za watu wa kawaida zinadharauliwa, na ndizo pekee ambazo mtu wa Katwe anaweza kuzifikia kwa kuandika ujumbe wa adabu. Halafu kuna aina ya nne ambayo mkufunzi aliitaja kwa aibu: za kununua. Mtu anakuandikia WhatsApp, nipe dola ishirini nikupe usikilizaji elfu kumi. Usimpe. Spotify ikigundua usikilizaji wa bandia inaufuta, na tangu 2024 inamtoza msambazaji faini kwa wimbo ambao usikilizaji wake mwingi ni wa bandia. Msambazaji naye ataitoa kwako ao ataushusha wimbo. Kijana mmoja wa Makindye ilimkuta hiyo. Alikuwa amekopa hizo dola.

Sasa nije kwenye ubishi wangu.

Spotify inahesabu kwamba wimbo umesikilizwa mtu akifika sekunde 30. Akiondoka kwenye sekunde ya 29, hukusikilizwa. Kutokana na kitu hicho kidogo, ambacho ni jambo la uhasibu tu, umezaliwa ushauri mzima juu ya sanaa: usianze na gitaa, anza na sauti, kiitikio kifike haraka, wimbo usizidi dakika mbili na nusu ili mtu aurudie, weka kile kitamu mbele. Ushauri wa kalenda unahusu siku ya kutoka. Huu mwingine umeingia ndani ya wimbo wenyewe, na ulipoingia hakuna aliyepiga hodi. Ukumbini tuliandika yote kwenye ukurasa mmoja, ya tarehe na ya gitaa, kama vile ni kitu kimoja.

Kwa sisi tuliokulia kwenye rumba hili linagusa mahali panapouma. Wimbo wetu una miguu miwili. Kwanza unaimbwa polepole, mtu anaeleza taabu yake, waitikiaji wanamjibu, gitaa linamshika mkono. Kisha, ukishaielewa taabu, mlango unafunguka na sebene inaingia, magitaa yanazunguka, watu wanasimama. Sebene bila ile taabu ya mwanzo ni mazoezi ya mwili. Utamu wake ni kwamba umeingojea. Franco na TP OK Jazz walitoa "Mario" mwaka 1985, karibu dakika kumi na nne, na watu waliingoja yote, mjini na vijijini, ikitoka kwenye redio za betri. Hakuna aliyesema mzee, fika haraka.

Lakini nisiwadanganye. Nilipoanza kuandika insha hii nilitaka kusema zamani wimbo ulikuwa huru. Haukuwa huru. Zile sahani ndogo za zamani, za mizunguko 45, upande mmoja ulibeba dakika nne tano hivi. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Mara nyingi kuimba kulikaa upande wa kwanza na sebene ikakaa wa pili. Kinshasa walifanya hivyo, Nairobi wa benga walifanya hivyo. Samba Mapangala, aliyetoka Zaire na Les Kinois, akapiga Kampala, kisha mwaka 1977 akaingia Nairobi, ambako baadaye akajenga Orchestra Virunga, aliingia kwenye biashara hiyohiyo ya sahani zilizokatwa vipande. Mashine ilikuwa na mkasi wake tangu zamani. Na pesa ilikuwa na mdomo wake: nani hajui libanga, yale majina ya matajiri yanayotajwa katikati ya wimbo kwa malipo? Na nani kati yetu hajasikia kwamba DJ wa redio hapigi wimbo mpaka apewe soda, na soda yenyewe ina bei ya mbuzi?

Kwa hiyo swali langu limebadilika. Mkasi wa sahani ulikata wimbo katikati na kukuachia kazi ya kusimama, kugeuza, kuendelea. Uliamini utasimama. Mkasi wa sasa unakata mwanzoni kwa kuwa hauamini hata kidogo kwamba utabaki. Unamfundisha mwimbaji amshuku msikilizaji wake kabla hawajaonana. Hicho ndicho ninachokikataa, na ndicho nilichokifanya kwa Petit.

Wimbo wake wa kwanza, nauita A, ni wa dakika tano na sekunde arobaini. Gitaa la rafiki yake linatembea peke yake mwanzoni, limekosewa mahali pawili, na makosa yale nayapenda sasa. Kisha anaanza kwa kumweleza mtu asiyetajwa namna ya kufika nyumbani kwao Masisi: pita pale, panda pale, ukiona mti fulani uliza kwa fulani. Ni maelekezo ya njia tu. Unafika ubeti wa tatu ndipo unaelewa kwamba anayeelekezwa ni mdogo wake, na kwamba kila mahali anapopataja hapapo tena. Halemewi na huzuni, hatangazi. Bibi yake yuko kwenye kiitikio kwa maneno manne ya Kihunde. Dakika ya tatu na sekunde ishirini sebene inaingia, na wewe, kwa sababu umetembea naye hiyo njia yote, hujui kama unacheza ao unakimbia. Una makosa pia: ubeti wa pili unarudia mambo, prodyuza ameweka ngoma ya kompyuta yenye sauti ya sufuria, na mwisho hauna mwisho, unafifia tu kama betri.

Wimbo B ni wa dakika mbili na sekunde kumi na nane. Sebene inaingia kwenye sekunde ya saba. Kumebaki kiitikio, bila bibi, na mistari sita ya ubeti wa kwanza. Maelekezo ya njia yamekatwa kabla ya kumfikia mdogo wake, kwa hiyo sasa yanasikika kama mtu anamwelekeza demu mahali pa sherehe. Ni wimbo mzuri wa kucheza. Nasema kweli. Nimeucheza.

Tulijaza fomu pamoja, kwenye simu yangu, tumekaa ngazini nje ya soko la Nakasero. Wimbo ni wa aina gani? Tulibishana. Rumba, itatupeleka kwa wazee. Afrobeats, ni uongo lakini ndiko watu waliko. Tukachagua uongo. Lugha? Kiswahili. Kinakupa hali gani? Furaha. Ala gani zimepigwa? Kisha anakotoka msanii. Hapo kidole chake kikasimama. Watu wanapita na mizigo ya ndizi, wakala wa boda wanaita, yeye kaganda kama ameulizwa na polisi. "Niandike wapi, yaya? Masisi? Nilitoka nikiwa na miaka tisa. Goma? Kampala?" Nikamwambia andika Kampala, mhariri anayetafuta nyimbo za Uganda atakuona. Ni ushauri sahihi. Ndani ya herufi 500 za kueleza wimbo, tuliandika kwamba ni mkimbizi, kisha tukafuta, kisha tukarudisha. Alisema: "Tukiandika, banatuhurumia. Tukifuta, hakuna kitu ya kusema." Mpaka leo sijapata jibu la sentensi hiyo. Tuliiacha imeandikwa.

Nieleze pia kwa ufupi mambo ya pesa na karatasi, maana semina iliyapita haraka. Kujisajili kwa msambazaji ni rahisi. Kulipwa ndiyo kazi. Msambazaji wetu, jina naliacha, alitaka kitambulisho cha kuthibitisha jina na hakuielewa kadi ya mkimbizi. Tuliandikiana barua pepe na mtu ambaye nadhani ni mashine. Hatimaye malipo yakapitishwa kwa mtu mwingine mwenye pasipoti, na hapo ndipo nyimbo za vijana wengi zinapotea mikononi mwa mjomba fulani. Inanikumbusha zamani za laini za simu, kabla UCC haijaelekeza mwaka 2019 kwamba kadi na barua za mkimbizi zikubaliwe kusajili laini. Kila mmoja wetu alikuwa anatembea na jina la jirani mfukoni. Na hata ukilipwa, ujue kwamba tangu mwanzo wa 2024 wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 kwa miezi kumi na miwili hauingizi kitu Spotify. Hizo hela zinagawanywa kwa waliovuka. Maskini wanachangia.

Na watu wetu wako wapi? Wachache wako Spotify, iliyofika Uganda Februari 2021. Wengi wana Tecno na Itel, na Boomplay ilikuja ndani ya Tecno. Mama zetu wanapokea nyimbo kwa WhatsApp. Vijana wa boda wanapakua miksi za DJ kutoka Mdundo, wanazihifadhi, wanasikiliza bila bando, kwa sababu bando lenyewe tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Ukipanga mpango wako wote kwa Spotify unapanga sherehe Nakasero huku wageni wako wanakaa Katwe. Kumpelekea DJ wa miksi wimbo wako kwa wakati kunaweza kukufaa zaidi ya fomu ya wahariri. Hili halikusemwa ukumbini. Nalisema mimi.

Tarehe tuliyochagua ilikuwa Ijumaa, 31 Januari 2025. Kwa mpango, ilikuwa tarehe ya akili: Desemba kila mtu mkubwa anatoa wimbo, Januari kuna nafasi, na mwisho wa mwezi watu wana mshahara. Fomu tuliipeleka wiki tatu kabla. Petit aliandika kwenye karatasi ya ukutani picha gani ataweka siku gani.

Jumatatu ya wiki hiyo, tarehe 27, M23 wakawa wameingia Goma.

Mama yake alikuwa Goma. Tangu Jumapili usiku simu yake haikuita. Kila mtu wetu hapa alikuwa na mtu ambaye simu yake haikuita. Jumatatu jioni Petit alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia. "Tuutoshe ile wimbo." Nikaandikia msambazaji. Likaja jibu la kutushukuru kwa kuwasiliana nao. Jumatano likaja jingine la kueleza hatua za kubadili tarehe, ambazo ni za siku za kazi kadhaa. Tarehe ikishafikishwa kwenye maduka yote ni kama gari limeshuka mlima. Alhamisi saa sita usiku, ikiwa tayari Ijumaa, wimbo ukatoka. Kwenye simu yangu kava yake ya njano ikajitokeza pembeni ya picha za barabara ya uwanja wa ndege wa Goma. Sekunde saba, na sebene hiyo.

Mpango ulisema siku ya kutoka uweke matangazo matatu, asubuhi, mchana na usiku. Hakuweka hata moja. Wenzake wawili waliweka kwa nia njema, na shangazi mmoja akawaandikia chini: nyie mnacheza nini leo? Swali hilo lilinikuta mimi. Kama ungetoka wimbo A, ile njia ya Masisi, yule mdogo mtu, yale maneno ya bibi, siku ile ungekuwa mkate. Shangazi angeusambaza mwenyewe. Tulikuwa na wimbo ambao ungeweza kusimama kwenye siku kama ile, tukaukata ili usimchoshe mtu wa Stockholm ambaye hatumjui.

Mama alipatikana Jumapili, kwa simu ya jirani, yuko Katindo, mzima.

Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Februari, mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini humo Goma. Alikuwa kwenye gereza la Munzenze mpaka mji ulipoanguka. Nyimbo zake za siasa zilikuwa zinafika Kampala kwa simu hadi simu, watu wanazisikiliza kwa sauti ndogo kwenye saluni. Sikubaliani na yote aliyoyaimba, na mengine yalinitisha. Ninamtaja kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimekaa na kalenda yangu ya rangi nne, nikifikiria namna ya kumfanya mtu asiruke wimbo mbele ya sekunde ya 30, na kuna watu waliokuwa wanasikilizwa mpaka mwisho na marafiki na maadui. Kalenda yangu ilionekana ndogo sana. Sikuitupa. Niliigeuza ukutani kwa siku chache.

Ningependa kuwaambia kwamba wimbo A ulishinda. Haukushinda kitu. Uko kwenye simu za watu. Februari ile Petit alimtumia mama mmoja wa kanisani, naye akautuma, na nimeusikia ukipigwa kwenye matanga Nsambya, umekatwa mwanzoni kwa bahati mbaya na mtu aliyechelewa kubonyeza. Hakuna anayeuhesabu, na wengine wanadhani ni wa mwimbaji wa Bukavu. Wimbo B, wahariri hawakuuchukua. Shabiki mmoja wa Nairobi aliuweka kwenye pleilisti yake ya mazoezi ya gym, ukakaa wiki sita, akautoa. Tuliona pia msikilizaji mmoja Brazil aliyerudi kila siku, Petit akamwita "shemeji". Mpaka naandika haujafika 1,000.

Na jambo lililonishangaza zaidi: Petit anapenda B. Nilipomwomba msamaha alicheka. "Yaya, A ni wimbo yenu, nyie benye munapenda kulia. Mimi nilitaka bacheze." Akasema anachoka kuwa mtoto wa vita kila mahali, na kwamba zile sekunde saba ndiyo mara ya kwanza mtu wa Nairobi alimsikia bila kuuliza ametoka wapi. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya insha hii. Nililala siku mbili bila kuigusa.

Sijaacha maoni yangu. Bado naona B ni wimbo uliokatwa mguu, na kwamba anayeucheza vizuri hajui amekosa nini. Lakini naona sikuwa na haki ya kuamua mara mbili: mara ya kwanza kwamba watu hawatamngoja, na mara ya pili kwamba yeye alitaka kungojwa.

Sasa anapanga EP ya nyimbo nne kwa kuzitoa moja moja. Ya kwanza inatoka peke yake, ya pili inatoka ikiwa na ya kwanza nyuma yake, hivyo hivyo mpaka zote nne zikae pamoja, na kila wimbo unabaki na namba yake ileile ya ISRC ili hesabu yake ya zamani isipotee. Ukibadilisha namba unaanza na sifuri. Hilo nimelihakikisha mara tatu. Wimbo A anataka uwe wa nne, mzima, na gitaa na makosa, ila ngoma ya sufuria tumeiondoa. Kwenye kila toleo fomu itaturuhusu kuombea ule tu ambao bado haujatoka, na bado tunabishana nguvu zetu tuziweke kwa upi. Yeye anasema ule mpya wa dakika mbili. Mimi nasema A, wahariri waukatae wakiwa wameusikia.

Tarehe hatujaweka. Mama yake amesema kwanza apigiwe kwa simu, zote nne, na asikatiwe.